Mshahara wa Madam

Jumapili nimetoka zangu kanisani, nawasha data nakuta voisi ya dakika nne na nusu kutoka kwa mtoto wa dada yangu. "Mamdogo shikamoo, naomba unisikilize mpaka mwisho." Nikajua tayari hapa kuna hela inaombwa. Kumbe hapana, binti kamaliza diploma yake ya malezi, yupo Moshi kwa bibi yake mzaa baba pale Rau, na kuna deikea hapa Arusha wamemwita wanataka kumpa usimamizi wa kituo kwa laki nne na nusu kwa mwezi. Na hukohuko Moshi kuna kituo kingine kinamtaka kwa laki tatu, kazi ile ile, tena karibu na nyumbani anaenda kwa miguu. Anauliza afanyeje, maana kila mtu anamwambia Arusha ndo kuna hela.

Nikamjibu marahaba mwanangu, nipe siku mbili nikae na kalamu. Sasa nimekaa, na nimeona bora niandike hapa kabisa maana hili swali naulizwa kila mwaka na mabinti wanaokuja field kituoni kwetu na huwa nawajibu kwa kucheka tu.

Mimi ni Madam. Ndivyo wanavyoniita wazazi, walezi, mpaka vijana wa bodaboda pale nje. Kwenye mkataba imeandikwa msimamizi wa kituo, ila hilo neno ni dogo kwa kazi yenyewe. Asubuhi saa moja kasoro niko getini napokea watoto na kumgusa kila mmoja shingoni nione kama ana homa maana kuna wazazi wanawapa dawa ya kushusha joto afu wanakuletea mtoto amechangamka vizuri kabisa, ikifika saa nne anachemka. Saa tatu mimi ni mhasibu. Saa tano natafuta fundi wa choo. Saa nane niko na faili la Ustawi wa Jamii, kwa sababu vituo vya kulelea watoto mchana kama chetu viko chini ya Ustawi wa Jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, sio wizara ya elimu, watu wanachanganya sana hapo, darasa la awali ndo la elimu. Bado zimamoto, bado mpishi apimwe afya. Jioni saa kumi na mbili nimekaa kwenye ngazi na mtoto mmoja aliyebaki ambaye mama yake "yuko hapa Sanawari anakuja" tangu saa kumi na moja.

Kwa hayo yote nalipwa 650,000. Nimeandika, haya, dunia isimame.

Lakini 650,000 ni ya kwenye karatasi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10 yangu, 65,000. Inabaki 585,000 ndo inaenda kukatwa PAYE, yani kodi ya mshahara, na hapo wengi hawajui hesabu yake ilivyo: 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 wanakata asilimia 8 ambayo ukiijumlisha yote inakuwa 20,000, na kinachozidi 520,000 kinakatwa asilimia 20 mpaka ufike 760,000. Kwaiyo mimi nina 20,000 na nyongeza ya 13,000, jumla 33,000. Mkononi 552,000. Na nashukuru sikusoma digrii kwa mkopo, kuna mwenzangu kituo kingine Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yani ana cheo kama changu na shahada ukutani lakini mwisho wa mwezi ananiomba mimi elfu kumi.

Sasa matumizi. Nakaa Kwa Mrombo, chumba na sebule choo ndani, 130,000. Kituo kiko upande wa Sakina kwaiyo napanda kifodi, daladala zetu za huku, mpaka mjini naunganisha kingine, 600 mara nne kwa siku, siku 22, hiyo ni 52,800 na hapo mtoto nampakata bure. Siku ya mvua bodaboda, hiyo sijaihesabu. Chakula najitahidi laki na nusu, Jumamosi nikipata nguvu nashuka Tengeru sokoni kuchukua mboga na ndizi za wiki, nikichoka naishia soko la Kilombero hapa mjini. Gesi, Luku na maji kama 35,000. Luku yenyewe ya 10,000 inakupa uniti 28 tu, tena mwezi unapoanza inakata na ile 1,500 ya kodi ya jengo, jengo sio langu lakini Luku ndo naweka mimi. Mama nyumbani Machame 50,000. Kikoba 40,000. Bando 20,000, na humo simu nyingi ni za kudai ada za watu. Jumla 477,800.

Inabaki 74,200. Humo kuna nguo, hospitali maana bima ya kazini hatuna, mchango wa harusi, mchango wa kipaimara, mchango wa jirani aliyefiwa. Julai hii baridi ya Arusha ilipoanza kuuma mwanangu alibanwa kifua, siku tatu tu ile 74,200 ikawa historia.

Ila ukiangalia hesabu yangu vizuri utaona nimedanganya sehemu moja. Nimesema kodi ni 130,000. Sio kweli. Kodi ni 780,000, mara mbili kwa mwaka, maana mwenye nyumba anataka miezi sita. Hakuna mwezi hata mmoja ambao mshahara wangu wote nikiutoa bila hata kununua chumvi unaweza kulipa kodi. Ndo maana kikoba kwangu sio cha mapambo wala cha kukutana kunywa soda, bila mkopo wa kikoba mimi na mtoto tungekuwa tumerudi Machame siku nyingi. Mwaka huu mwenye nyumba kaja na lugha mpya, anasema AFCON 2027 inakuja, uwanja unajengwa Olmoti, kwaiyo kodi itapanda. Nikamuuliza baba, kwani timu ya taifa itakuja kulala kwenye hiki chumba changu? Akacheka. Lakini atapandisha, namjua.

Tukirudi kwenye mshahara, kuna kitu watu wa nje hawakijui na ndo nataka huyu binti akielewe kabla hajapanda gari. Mimi ndiye ninayeandika orodha ya mishahara. Kila tarehe 28 nachukua daftari naandika majina nane, walezi watano, mpishi, mlinzi, na mimi. Jina langu liko mwisho. Hakuna aliyeniambia niliweke mwisho, ila hebu niambie wewe utaanzaje kujilipa kabla ya mlezi wa 280,000 ambaye mchana kutwa kabeba watoto wa watu mgongoni?

Ngoja nifungue daftari lenyewe, boss wangu hasomi mambo ya mtandaoni. Tuna watoto 46, ada 95,000 kwa mwezi, uji wa asubuhi na chakula cha mchana humo humo. Wote wakilipa ni 4,370,000, mtu akisikia hiyo anasema hawa wanapiga hela. Haya toa: pango la nyumba 700,000, walezi watano 1,400,000, mpishi na mlinzi 400,000, chakula 650,000 na hapo ni makande na maharage kwa sana, umeme maji gesi 150,000, mimi 650,000, na asilimia 10 ya NSSF ya upande wa mwajiri kwa sisi wote nane 245,000. Hiyo ni 4,195,000. Imebaki 175,000 na bado hujanunua karatasi ya chooni wala rangi za kuchorea, wala boss mwenyewe hajala. Zaidi ya nusu ya matumizi ni watu. Huwezi kupunguza watu maana ukipunguza mtoto anadondoka kwenye bembea hakuna wa kumdaka, na huwezi kuongeza watu maana hela iko wapi. Boss alishaniambia hata siku tukipanuka hatutafika wafanyakazi kumi, tukifika kumi inaanza SDL, tozo ya ufundi stadi anayolipa mwajiri, asilimia 3.5 ya mishahara yote.

Na hapo ni mwezi ambao wote wamelipa, mwezi ambao sijawahi kuuona. Wazazi wetu wengi ni watu wa utalii, madereva wa safari, wapishi wa kambi, mama mmoja yuko mapokezi hotelini. Kuanzia Juni mpaka Oktoba wanalipa mpaka wanalipa mbele, baba anatoka Serengeti na vumbi lake anapitia getini anakuachia laki tatu. Ikifika masika, Aprili na Mei, kambi zimefungwa, wageni hakuna, simu zinaanza kutopokelewa. Mei tulilipwa na watoto 38. Hiyo ni 3,610,000, pungufu 585,000 kwenye matumizi. Ukiangalia hiyo pungufu imezidi hata mshahara wangu wa mkononi, na sehemu yake ilitoka humo humo kwenye mshahara wangu, yani nilijilipa nusu mwezi ule na nusu nyingine nikaja kuipata Julai vipande vipande. Hakuna aliyeninyima, mkono wangu mwenyewe ndo ulioandika.

Kwanini tusipandishe ada, wanauliza wale mabinti wa field. Kwa sababu mzazi hatulinganishi na kituo kingine, anatulinganisha na dada wa kazi. Anasema Madam, 95,000 kwa mtoto mmoja, mimi dada wa nyumbani namlipa 80,000 ananilelea wawili, anafua, anapika na usiku yupo. Huna cha kumjibu hapo, utaongea habari za makuzi na malezi mpaka koo likauke, yeye kashapiga hesabu. Na mtoto akishafika umri wa darasa la awali anaondoka, shule za serikali hazina ada tangu 2016 na wenye uwezo wanapeleka za mchepuo wa kiingereza, kwaiyo kila Januari wale niliowazoea na wanaolipa vizuri ndo wanaondoka, naanza upya na wanaolia getini.

Desemba ndo usiseme. Kituo kinafunga katikati ya mwezi, wazazi wanalipa nusu ("Madam mwezi wenyewe nusu"), na mjini kote Wachagga tunapanda mlima na nauli imepanda na nyumbani wanakusubiri wewe meneja kutoka Arusha ukachinje.

Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka 370,000 kinaenda 500,000 kuanzia Julai, kesho yake asubuhi walezi wangu wameingia ofisini wote watano, wamejipanga kama kwaya, nyuso zinang'aa. "Madam, na sisi?" Aisee. Ikabidi niwaeleze kwamba hiyo ni ya serikali, sekta binafsi ina amri yake ya mishahara na viwango vyake kwa kila aina ya kazi. Nikaona nyuso zinazima moja moja. Mmoja akasema, kwani watoto wa binafsi wana mavi ya tofauti? Tulicheka wote mpaka tukatoka machozi. Sikuwa na jibu na sina mpaka leo.

Kuna binamu yangu yuko Marekani, Minnesota, kaanza kama mlezi sasa hivi ni mkuu wa deikea, nikimlalamikia huwa ananisikiliza afu anaanza ya kwake. Takwimu za serikali yao za 2023 zilionyesha wakuu wa deikea na chekechea mshahara wa katikati ni dola 54,290 kwa mwaka, maana yake nusu yao wako chini ya hapo. Mimi nikisikia hiyo hela naona nyumba ya ghorofa Njiro. Yeye anasema ondoa asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzee, ondoa kodi ya serikali kuu, ondoa ya jimbo, weka pango, weka gari na bima ya gari maana huko hakuna kifodi, ukimaliza tuongee. Na ugonjwa ni ule ule wa kwetu, kwao Minnesota kwenye vituo mlezi mmoja haruhusiwi kuzidisha watoto wachanga wanne, kwaiyo ada iko juu mzazi analia, na wakati huo huo mlezi halipwi cha maana. Kilichonishangaza ni kwamba sheria ya serikali yao kuu haimpi mama wa sekta binafsi likizo ya uzazi yenye malipo. Sisi sheria inatupa siku 84, ukizaa mapacha 100. Nilipomwambia alinyamaza kidogo akasema basi ningezalia Machame.

Ingawa na hiyo ya uzazi nina kidonda. Kabla ya hapa nilifanya kazi kituo kingine, jina naliacha. Nilipokuwa na mimba nikaenda NSSF kuulizia, dada wa dirishani kaangalia kompyuta yake, kaniangalia mimi, karudi kwenye kompyuta. Miezi 14 hakuna mchango hata mmoja uliofika. Na kwenye karatasi yangu ya mshahara makato yalikuwepo kila mwezi, nimekatwa safi kabisa. Baba wa mtoto ni stori ya siku nyingine, ila hiyo ya NSSF iliniuma kuliko ya baba wa mtoto.

Haya, turudi kwa huyu binti. Nilimpigia Jumanne usiku nikamwambia chukua daftari.

Arusha 450,000. Toa NSSF 45,000 inabaki 405,000, toa PAYE 10,800, mkononi 394,200. Moshi 300,000. Toa NSSF 30,000 inabaki 270,000, na 270,000 ndo pale pale ambapo PAYE haijaanza, kwaiyo unachukua 270,000 yako yote. Tofauti ya Arusha na Moshi ni 124,200, sio 150,000 kama unavyofikiri. Sasa Arusha huna bibi. Chumba kimoja cha kawaida choo cha nje huko Sombetini au Olasiti tuseme 70,000, na kodi wanataka ya miezi mbele, na dalali anataka ya kwake ya mwezi mmoja. Nauli hata ukipata gari moja tu kwenda na kurudi, 26,400. Imebaki 27,800 na bado hujala. Kwa bibi unakula kiburu na maziwa bure, unachoka kusema umeshiba. Hapa 27,800 ni mchele, mkaa na mafuta ya wiki moja na kidogo. Yani mwanangu laki nne na nusu ya Arusha ni ndogo kuliko laki tatu ya Rau.

Akanyamaza. Afu akasema, "Ila mamdogo, wewe mbona unaweza?"

Nikamwambia mimi mtoto wangu anakaa hapo kituoni bure. 95,000 ambayo ningelipa mahali sijalipa, anakunywa uji wao, anakula makande yao, analala mchana kwenye godoro lao mimi nikiwa ofisini namsikia anavyokoroma. Hiyo haiko kwenye mkataba wala haikatwi kodi na ndo kitu pekee kinachonifanya nisiondoke. Kuna kituo cha wazungu kiliniita mwaka juzi kwa laki nane, nikauliza mtoto, wakasema wafanyakazi hawaruhusiwi kuja na watoto. Nikapiga hesabu ya ada ya mtoto, na dada wa kumpokea jioni, na moyo wangu. Nikakataa. Wewe huna mtoto, kwaiyo hiyo faida kwako haipo.

Nikampa namba. Nikamwambia usikubali chini ya laki tano na nusu, hiyo mkononi ni 477,000, hapo angalau unapumua. Na kabla hujasaini waulize mambo matatu kwa heshima, usiulize kama polisi. NSSF yenu inapelekwa kila mwezi? Desemba mkifunga mishahara inakuwaje? Na ada zisipofika, nani anasubiri? Hilo la mwisho uliza afu nyamaza kabisa umwangalie usoni, usimsaidie kujibu.

Jana usiku kanipigia. Kawapigia kweli, kaongea na mwenye kituo mwenyewe. Wamepanda mpaka 480,000 na chakula cha mchana. NSSF wamesema wanapeleka, na atakuwa anaangalia mwenyewe kwenye simu. Desemba wanalipa yote. La tatu nikamuuliza, haya, alisemaje? Akasema mamdogo yule mama alicheka kwanza, akanyamaza, afu akasema, "We binti unaonekana umeshawahi kufanya hii kazi."

Nikamuuliza kwaiyo umeamuaje, na hesabu yote ile tumepiga. Nasikia kwa nyuma bibi yake anamwita akale. Kakaa kimya kidogo, afu akaniuliza, "Mamdogo, lile godoro lako la zamani bado lipo?"